Maumivu na hofu baada ya kujifungua, vipimo vikiwa safi: hatua za kufuata

Wiki zimepita tangu ujifungue, kidonda kimefunga, mtoto anakua, lakini mwili wako haujatulia. Mgongo unauma usiku kucha, vidole vinakufa ganzi, moyo unakwenda mbio ukiwa umekaa tu, kifua kinabana. Umepima, ukaambiwa majibu ni mazuri, ukarudi nyumbani na mwili uleule. Mwongozo huu ni wa mama aliyefika hapo, na wa yeyote anayeishi naye.

Majibu safi yana maana moja tu: magonjwa yaliyopimwa hayakuonekana siku ile. Hayasemi kwamba maumivu umeyabuni. Kinachorefusha mateso zaidi ni kusubiri, yaani kujiambia kwamba ukishajua unaumwa nini ndipo utaanza kupona. Kuna kazi mbili, na zote huanza pamoja: kutafuta chanzo kwa mpaka uliowekwa, na kutuliza mwili na hofu kuanzia leo.

DALILI ZISIZONGOJA

Ukiwa na mojawapo ya hizi, nenda hospitali saa hiyohiyo, hata kama jana uliambiwa huna tatizo. Sentensi yako ya kwanza mlangoni iwe: "Nimejifungua wiki kadhaa zilizopita," na utaje ni ngapi. Tumbo likishashuka na mtoto akiwa amebaki nyumbani, mhudumu hawezi kukisia kwamba wewe ni mzazi, na bila kujua hilo atatafuta magonjwa mengine.

- Kichwa kuuma vikali, kuona vimulimuli au ukungu, maumivu chini ya mbavu za kulia, au presha ya 140/90 na zaidi katika wiki 6 za mwanzo. Kifafa cha mimba huweza kuanza baada ya kujifungua, hata kwa mama ambaye presha yake ilikuwa nzuri ujauzito mzima. Ikifika 160/110 ni dharura hata kama hujisikii vibaya.
- Mguu mmoja kuvimba na kuuma, pumzi kukatika ghafla, kifua kuchoma ukivuta hewa, kukohoa damu. Huenda ni damu iliyoganda kwenye mshipa. Hatari hii ni kubwa zaidi wiki 6 za mwanzo, na haijaisha kabisa hadi wiki ya 12.
- Kushindwa kulala chali kwa kukosa pumzi, kuamka usiku ukitweta, miguu yote miwili kuvimba. Misuli ya moyo huweza kudhoofika kuanzia mwezi wa mwisho wa ujauzito hadi miezi 5 baada ya kujifungua, na mara nyingi hali hiyo hudhaniwa kuwa uchovu wa kulea. Omba moyo upigwe picha kwa mawimbi ya sauti.
- Homa ya 38 na zaidi, damu inayoloanisha pedi nzima ndani ya saa moja, uchafu unaonuka ukeni.
- Ganzi sehemu za siri na ndani ya mapaja, mkojo kugoma kutoka, mguu kukosa nguvu.
- Mawazo ya kujiua au ya kumtoa mtoto uhai, kusikia sauti au kuona vitu ambavyo wengine hawavioni, kukaa siku mbili bila kulala na bila kuhisi usingizi, kuamini mambo mageni kuhusu mtoto. Kupagawa kwa akili baada ya kujifungua humpata mama 1 au 2 katika kila 1,000, na kwa kawaida huanza ndani ya wiki 2 za mwanzo. Hutibika vizuri, lakini ni dharura, na mama huyo asiachwe peke yake wala peke yake na mtoto.

DAFTARI LA SIKU 14

Chukua daftari la kawaida. Chora safu za: saa, dalili, ukali wake kuanzia 0 hadi 10, ilidumu kwa muda gani, ulikuwa ukifanya nini, usiku uliopita ulilala saa ngapi kwa jumla, na mara ya mwisho kula na kunyonyesha. Andika mara mbili tu kwa siku, mchana na jioni. Usiandike kila dalili inapotokea: ukifanya hivyo utaufundisha ubongo kuuchungulia mwili mchana kutwa, na dalili zitaongezeka. Siku 14 zikiisha, funga daftari.

Halafu soma, ukitafuta mfuatano. Mifano inayofaa kujulikana:

Huzuni, woga au kichefuchefu kinachoshuka ghafla muda mfupi kabla maziwa hayajaanza kutiririka, kisha kikaondoka baada ya dakika chache, kinatokana na maziwa yenyewe kuachiliwa. Ni badiliko la homoni. Halina uhusiano na unavyompenda mtoto, na akina mama wengi hupata nafuu kubwa kwa kujua hilo tu.

Viungo vinavyokakamaa asubuhi kwa zaidi ya saa moja, hasa vidole na vifundo vya mikono yote miwili, huelekeza kwenye baridi yabisi, ugonjwa unaopenda kuanza au kurudi kwa nguvu miezi ya kwanza baada ya kujifungua.

Kichwa kinachozidi ukikaa au kusimama na kutulia ukilala, kwa mama aliyechomwa sindano ya ganzi mgongoni, huenda ni maji ya uti wa mgongo yanayovuja kwenye tundu la sindano. Rudi kwa waliokuchoma sindano hiyo. Wana njia ya kuliziba.

Moyo unaokwenda mbio kila ukisimama unapimika nyumbani. Lala dakika 10, hesabu mapigo kwa dakika nzima. Simama wima bila kutembea, hesabu tena baada ya dakika 1, 3, 5 na 10. Yakiongezeka kwa 30 au zaidi na yasishuke, mpelekee daktari namba hizo. Upungufu wa maji na wa damu huleta hali hiyo kwa wazazi wengi, kwa hiyo kunywa glasi moja ya maji kila unaponyonyesha na upime tena baada ya siku tatu.

VIPIMO, NA WAKATI WAKE

Damu kwanza. Wengi hupimwa hemoglobini pekee, yaani wingi wa damu. Omba na feritini, inayoonyesha akiba ya madini ya chuma, kwa sababu hemoglobini huweza kuwa nzuri huku akiba imekwisha. Feritini iliyo chini ya 30 kwa mama mwenye uchovu, moyo kudunda, nywele kukatika au miguu isiyotulia usiku inastahili kutibiwa. Zingatia pia kwamba maambukizi huipandisha feritini, kwa hiyo kipimo kilichochukuliwa ukiwa na homa hakiaminiki. Vidonge vya chuma vimeze pamoja na tunda lenye uchachu. Chai, kahawa, maziwa na vidonge vya kalsiamu vikae mbali kwa saa mbili. Tumbo likichafuka, muulize daktari kuhusu kumeza siku moja na kuruka siku moja: mwili hufyonza vizuri zaidi kwa mpango huo. Kosa la kawaida ni kuacha pale uchovu unapopungua. Endelea miezi 3 baada ya hemoglobini kurudi sawa, ili akiba ijae.

Kisha thairoidi, tezi ya shingoni, na hapa ndipo wengi hupotezwa njia. Baada ya kujifungua tezi hii huvimba bila maumivu kwa mama kati ya 5 na 10 katika kila 100. Awamu ya kwanza, kati ya mwezi wa 1 na wa 6, tezi humwaga homoni nyingi: moyo mbio, mikono kutetemeka, joto, jasho, kukosa usingizi, hofu. Ukiitazama kwa nje, ni wasiwasi mtupu. Awamu ya pili, mara nyingi kati ya mwezi wa 4 na wa 8, homoni hupungua mno: uchovu mzito, baridi, choo kigumu, viungo kuuma, huzuni. Ukiitazama kwa nje, ni sonona, yaani huzuni nzito inayodumu. Baina ya awamu hizo mbili kuna siku ambazo kiwango kinapita katikati kikishuka, na aliyepimwa siku hizo huambiwa yuko sawa. Ndiyo maana kipimo kimoja safi cha wiki ya 6 hakifungi mjadala. Omba TSH (homoni inayoiamuru tezi kufanya kazi) pamoja na T4 huru (homoni ya tezi yenyewe), na dalili zikiendelea rudia baada ya wiki 6 hadi 8. Wengi hupona ndani ya mwaka. Wachache hubaki na tezi dhaifu, kwa hiyo aliyewahi kuipata apime TSH kila mwaka.

Vingine ni vya haraka kueleza: vitamini B12 kama kuna ganzi, hasa kwa asiyekula nyama, mayai wala maziwa au aliyetumia metformini, dawa ya kisukari, kwa muda mrefu, vitamini D na kalsiamu kwa maumivu ya mifupa na misuli, sukari, figo, ini na mkojo, alama za uvimbe wa ndani kama viungo vinakakamaa, na mchoro wa umeme wa moyo kama moyo unaruka mapigo. Aliyepoteza damu nyingi sana wakati wa kujifungua, kisha maziwa hayakutoka, hedhi haikurudi na nguvu hazirudi, ataje jambo hilo waziwazi na aombe homoni zake zipimwe, pamoja na kotisoli, homoni inayousaidia mwili kukabili msongo. Tezi ndogo iliyo chini ya ubongo huweza kuumia kwa kukosa damu, na huchukua miaka kugunduliwa pale ambapo hakuna anayeuliza.

Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha misuli ya sakafu ya nyonga wala mshipa wa fahamu ulionaswa kwenye kovu. Hivyo huonekana kwa mikono ya anayejua kupapasa. Mama aliyepimwa damu mara nyingi na hajawahi kuguswa panapouma bado hajachunguzwa.

Mkishapanga orodha, wekeni mpaka. Kubalianeni na daktari vipimo gani vitafanywa, lini mtasoma majibu, na nini kitafungua upya msako: dalili mpya kabisa, homa, kupungua uzito bila sababu, kiungo kupoteza nguvu, maumivu yanayopanda wiki hadi wiki. Nje ya hayo, msirudie. Nafuu ya jibu safi hudumu siku chache, kisha shaka hurudi na kudai kipimo kingine, na kila picha ya ziada huokota kasoro ndogo isiyo na madhara ambayo nayo itazaa hofu mpya.

Ukienda kliniki beba karatasi moja. Andika dalili tatu zinazokusumbua zaidi, zilianza lini, na zinakuzuia kufanya nini. "Siwezi kumnyanyua mtoto kutoka kitandani" hueleweka kuliko "naumwa mwili mzima". Mwisho uliza: "Kitu gani kingine huleta hali hii, na tumekiondoa kwa njia gani?" Ukijibiwa kwamba ni mawazo tu, omba kwa adabu iandikwe kwenye faili magonjwa yaliyoondolewa na mpango wa kutibu hayo mawazo. Maana hata kama chanzo ni wasiwasi, wasiwasi una matibabu, na kukurudisha nyumbani mikono mitupu si mojawapo.

MWILI UNAUMAJE BILA KIDONDA

Aliyetafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Mfumo wa fahamu hufanya vivyo hivyo. Baada ya uchungu mrefu, upasuaji, damu nyingi au hofu ya kumpoteza mtoto, neva na ubongo hupunguza kizingiti cha kutangaza hatari. Mguso wa nguo kwenye kovu, kukaa dakika 20, tumbo kujaa gesi, vyote hutangazwa kama maumivu. Kukosa usingizi hushusha kizingiti hicho zaidi, na hofu hukaza misuli ya taya, shingo, kifua na nyonga, nayo misuli iliyokaza huuma kwelikweli. Maumivu yaliyopita miezi 3 huitwa sugu, na kwa kawaida hapo kidonda cha mwanzo si tena sababu kuu. Hii ni habari njema, kwa sababu kizingiti kilichoshuka kinaweza kupandishwa. Hupandishwa kwa mazoea madogo yanayorudiwa. Ukilazimisha kwa nguvu kinashuka zaidi.

PUMZI, WAKATI HOFU IMEKUSHIKA

Ukiogopa unavuta hewa nyingi kuliko mwili unavyohitaji. Kaboni dayoksaidi hushuka kwenye damu, na hapo midomo na vidole hufa ganzi, kichwa huwa chepesi, kifua hubana. Unadhani unakufa, unavuta hewa zaidi, na mambo huzidi. Fanya hivi:

1. Kaa, weka nyayo zote mbili sakafuni. Kama umempakata mtoto, mlaze kwanza mahali salama.
2. Toa hewa yote polepole kwa mdomo kabla ya kuvuta. Watu wengi huanza kwa kuvuta, na kifua ambacho tayari kimejaa kinakataa.
3. Vuta kwa pua ukihesabu 4, tumbo likitanuka na mabega yakiwa chini.
4. Toa ukihesabu 6, kama unayepoza kijiko cha uji bila kuumwaga.
5. Endelea dakika 5. Hofu kali kwa kawaida hufika kileleni ndani ya dakika 10, kisha hushuka yenyewe.

Usipumulie kwenye mfuko, kwa sababu kama tatizo ni mapafu au moyo, mfuko unaweza kukudhuru. Na usingoje hofu ije ndipo ujaribu. Fanya dakika 5 asubuhi na dakika 5 jioni ukiwa umetulia, kwa wiki mbili, ili mwili uizoee njia hiyo kabla ya kuihitaji.

KUTEMBEA KWA KIPIMO

Kinachowaangusha wengi ni siku nzuri. Mama anaamka na nafuu, anafua, anapiga deki, anabeba maji, kisha analala siku mbili akiuguza mgongo, na ubongo unajifunza kwamba kusogea ni hatari. Dawa yake ni kiasi kisichobadilika, siku nzuri na siku mbaya.

Chagua kazi moja, tuseme kutembea. Siku tatu mfululizo, pima ni dakika ngapi unatembea kabla maumivu hayajapanda kwa alama 2. Ukipata 8, 12 na 10, wastani ni 10. Punguza sehemu ya tano, ubaki na dakika 8. Hizo 8 ndizo zako kila siku, mara mbili, kwa wiki nzima. Wiki ifuatayo ongeza dakika 1, na uendelee kuongeza karibu sehemu ya kumi kila wiki. Maumivu yakipanda kidogo kisha yakashuka ndani ya saa 24, endelea vilevile. Yakibaki juu hadi kesho yake jioni, rudi kiwango cha wiki iliyopita, usiache. Tumia hesabu hiyohiyo kwa kusimama jikoni, kukaa na kubeba mtoto.

SEHEMU ZINAZOUMA ZAIDI

Sakafu ya nyonga. Ushauri wa "kaza misuli kama unayezuia mkojo" hutolewa kwa kila mzazi, na kwa baadhi ndiyo unaowaumiza. Mkojo ukivuja unapokohoa, au ukihisi uzito ukeni, huenda misuli ni dhaifu na kukaza kunafaa: kaza sekunde 5, legeza sekunde 10, mara 10, mara tatu kwa siku. Lakini mkojo ukichelewa kuanza, choo kikitoka kwa taabu, na tendo la ndoa au hata kujisafisha kukiuma, huenda misuli imekaza kupita kiasi, na kuikaza zaidi ni kuongeza tatizo. Lala chali, magoti yamekunjwa na kuegemezwa mito, vuta hewa tumbo litanuke, na uache sehemu za chini zishuke kama mkojo unapoanza kutoka, bila kusukuma. Dakika 5, mara mbili kwa siku. Mama mmoja huweza kuwa na vyote viwili, ndiyo maana mtaalamu wa fiziotherapia anayejua nyonga ana thamani kubwa hapa.

Maumivu ya mfupa wa mbele wa nyonga, au nyuma juu ya makalio, yanayochoma ukigeuka kitandani au kupanda ngazi: bana magoti pamoja unapogeuka, vaa nguo ukiwa umekaa, panda ngazi moja moja, na usimbebe mtoto kiunoni upande mmoja.

Kovu la upasuaji. Likishafunga kabisa na kukauka, kwa kawaida baada ya wiki 6, anza kulizoesha mguso: pamba dakika 2, kitambaa laini dakika 2, kisha taulo dakika 2. Baada ya wiki moja weka vidole juu ya kovu na usogeze ngozi juu na chini, kulia na kushoto, dakika 5 kwa siku. Nukta moja kali mwishoni mwa kovu, inayozidi ukikaza tumbo, huenda ni mshipa wa fahamu ulionaswa. Sindano ya ganzi mahali hapo huthibitisha na mara nyingi hutuliza. Uvimbe kwenye kovu unaouma zaidi wakati wa hedhi ni jambo jingine, na upelekwe kwa daktari wa wanawake.

Kifundo cha mkono upande wa kidole gumba. Huletwa na kumnyanyua mtoto kwa kumshika makwapani, vidole gumba vikiwa juu. Badala yake ingiza viganja chini yake, kimoja makalioni na kingine mgongoni, ili uzito ukae kwenye mikono ya mbele. Bendeji ngumu inayoshika kidole gumba kwa wiki 4 hadi 6 husaidia, na isiposaidia kuna sindano ya steroidi.

Tendo la ndoa linalouma. Anayenyonyesha ana estrojeni kidogo, na uke hukauka. Tumia mafuta maalumu ya kulainisha yasiyo na manukato, msikimbilie siku, na yasipotosha daktari anaweza kuandika krimu ya estrojeni ya kupaka ukeni. Kuvumilia kwa kukaza meno hufundisha misuli kujikaza kila mara.

DAWA

Parasetamoli: vidonge 2 vya miligramu 500 kila baada ya saa 6, visizidi 8 katika saa 24, na viwe pungufu kwa mwenye uzito chini ya kilo 50 au ini lenye matatizo. Ibuprofeni: miligramu 400 baada ya chakula, kila baada ya saa 8, isizidi miligramu 1,200 kwa siku bila daktari. Haimfai mwenye vidonda vya tumbo, figo mbovu au pumu inayochochewa nayo, na aliyekuwa na presha kali aulize kwanza. Zote mbili zinaafikiana na kunyonyesha. Kodeini haifai kwa anayenyonyesha, maana baadhi ya akina mama huigeuza haraka kuwa mofini na humfikia mtoto kwenye maziwa. Dawa za kichwa zikimezwa siku 15 au zaidi kwa mwezi, miezi mitatu mfululizo, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa.

Kwa wasiwasi na sonona, daktari anaweza kuandika dawa kama setralini, ambayo huingia kidogo sana kwenye maziwa. Huchukua wiki 2 hadi 6 kufanya kazi, na siku za mwanzo huweza kuongeza wasiwasi au kuchafua tumbo. Wengi huiacha hapohapo, wiki moja kabla ya nafuu. Usiikatishe ghafla, hupunguzwa kidogo kidogo.

HOFU YENYEWE

Omba kipimo cha Edinburgh. Kina maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, alama 0 hadi 30. Alama 13 na zaidi huashiria sonona, 10 hadi 12 huhitaji kufuatiliwa. Swali la 3, la 4 na la 5 ndiyo ya wasiwasi, kwa hiyo tazama alama zinarundikana wapi. Swali la 10 linauliza kuhusu kujidhuru. Jibu lolote lisilo sifuri lizungumzwe na mhudumu siku hiyohiyo.

Jambo ambalo akina mama huficha kuliko yote ni picha za kutisha zinazoingia kichwani bila kuitwa: mtoto anamponyoka kwenye ngazi, kisu kinateleza, maji ya beseni yanamfunika. Mawazo hayo huwapata wazazi wengi mno. Mama anayatetemekea na kuyachukia, na huko kuyachukia ndiko kunakoonyesha kwamba ni wasiwasi. Hatari ipo pale ambapo wazo linaonekana sahihi, au ni amri, au mama amepoteza mashaka nalo; huyo apelekwe hospitali sasa hivi. Kwa mengine, usimwachie mwingine kumwogesha mtoto, usifiche visu, usiulize kila saa "kweli siwezi kumdhuru?" Kila ukikimbia, wazo linapata nguvu. Liite jina lake, "hili ni wazo la hofu", liache lipite, umalizie kazi iliyo mkononi.

Kujikagua nako kuna kipimo. Kama unashika mapigo, unabonyeza uvimbe au unatafuta dalili kwenye simu, hesabu mara ngapi kwa siku, kisha punguza kwa nusu kila wiki. Tenga dakika 15 jioni, si kitandani, za kuandika hofu zote. Nyingine zikija mchana, ziambie saa yao ni jioni. Mwanzoni hazitasikia. Wiki ya pili huanza kutii.

Kama hofu imefungamana na siku yenyewe ya kujifungua, unaiota, unaiona tena ukiwa macho, unaepuka hata njia ya hospitali, hicho ni kiwewe na kina tiba yake ya mazungumzo. Omba pia kusomewa faili la uzazi wako na mkunga au daktari. Vipande vinavyokosekana kwenye kumbukumbu hujazwa na hofu.

USINGIZI, NA ANAYESAIDIA

Lenga kipande kimoja cha saa 4 hadi 5 bila kukatizwa. Mtu mwingine amshike mtoto kwa zamu hiyo, mfano saa 3 usiku hadi saa 8, umnyonyeshe kabla, na aletwe kwako ukiwa umekwisha kulala. Usingizi wa vipande vya dakika 40, hata vikijumlishwa, hautulizi neva sawasawa. Ukishindwa kulala hata mtoto akiwa amelala na mikono mingine ipo, mweleze daktari. Hiyo ni dalili.

Anayesaidia asiulize "unajisikiaje?" mara kumi kwa siku. Aseme atafanya nini: "Nguo nafua mimi, wewe maliza dakika zako 8 za kutembea." Akisikia maumivu yamerudi, asiseme "si walisema huna kitu", aulize leo kiwango cha mazoezi ni kipi, na akusaidie kukiendeleza.

DALILI ZIKIRUDI

Zitarudi, hasa mtoto akiumwa, hedhi ya kwanza ikija, ukirudi kazini au ukiachisha kunyonya. Shusha mazoezi kwa nusu kwa muda wa siku tatu, rudisha zoezi la pumzi mara mbili kwa siku, rudisha zamu ya usingizi, kisha panda tena kwa hesabu ileile. Dalili ikiwa ni ileile ya zamani, fuata mpango. Ikiwa ni mpya, au imo kwenye orodha ya mwanzo, nenda hospitali.

Ukipata mimba nyingine, kwenye hudhurio la kwanza taja mambo manne: tezi ya thairoidi kama iliwahi kusumbua, kiwango cha chini kabisa cha hemoglobini na feritini ulichofikia, dawa ya wasiwasi iliyokufaa na kipimo chake, na sehemu ya mwili iliyouma muda mrefu zaidi. Omba feritini ipimwe mapema, TSH ipimwe kwenye mimba na tena kati ya miezi 3 na 6 baada ya kujifungua, na jina la mtu mmoja utakayempigia katika wiki mbili za kwanza liandikwe kwenye kadi ya kliniki.